Neno Nililotumwa kwa Babu

Sipokei maua. Wenzangu ofisini walishalijua hilo, na siku hizi mtu akipandishwa cheo au akijifungua hunituma mimi nikanunue keki, kwenye maua huenda wengine. Wanadhani yananiwasha. Nimewaacha wadhani hivyo, maana kuwashwa ni rahisi kueleza kuliko ukweli. Ukweli ni kwamba wauza maua wa mjini hufunga waridi zao pamoja na kangaga, yale majani yaliyochanika kama unyoya wa kuku, na shina la kangaga likivunjika hutoa harufu mbichi ya baridi, harufu ya mahali ambapo jua halifiki. Nikiisikia tu, nina miaka minane. Nimechuchumaa pembeni mwa njia katika msitu wa Mlima Rungwe, nimeshika upindo wa khanga ya mama, na kuna mtu anapita.

Nyumbani kwetu ni chini ya msitu huo. Wa rika langu mliokulia kule hamhitaji kuelezwa mvua yetu. Sare za shule zilikaukia mwilini, kuni zilianikwa juu ya jiko kama nyama, na redio ya baba tuliivisha mfuko wa nailoni kama mtoto mgonjwa. Katika shamba moja la migomba tulikuwa na nyumba mbili. Ya juu ilikuwa ya Babu, baba yake baba. Ya chini ilikuwa yetu. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai na alirudi Jumamosi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watu watatu tu: Babu, mama na mimi. Na kati ya hao watatu, wawili hawakuwahi kusemezana hata mara moja.

Si kwamba waligombana. Kwetu mkamwana humwogopa baba mkwe wake, na kumwogopa huko ndiko kumheshimu. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hapiti mahali alipoketi. Akisikia anakuja, hutoka njiani, hujifunika khanga kichwani na kuchuchumaa akiutazama udongo mpaka apite. Wanawake wengi wa umri wa mama walikuwa wameshaacha, wakisema hayo ni ya zamani, na kanisani walikaa benchi moja na wakwe zao wakiimba kitabu kimoja. Mama hakuacha. Alitoka Kinyala, kwa watu wanaojali adabu, na siku ya kuolewa alimwahidi mama yake kwamba hatasemwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Mama alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akasema, "Mwambie babu yako maziwa yameshaganda." Nilikimbia katikati ya migomba, nikasema. Babu naye alijibu, nikarudi nalo. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kwetu, kisichojua herufi z wala r, na nilikipenda kwa sababu hakikumwogopa mtu. Tatizo ni kwamba niligundua mapema sana raha ya kazi ile. Mama akisema kwa hasira, "Mwambie mbuzi wake wamemaliza maharage yangu," mimi nilifika nikasema, "Babu, mama anaomba mbuzi wafungwe." Babu akijibu, "Mbusi ni mbusi, ajenge usio," mimi nilirudi na, "Babu anasema pole sana." Majirani waliisifu kaya yetu kwa amani yake. Nilikuwa nasikia sifa hizo na kichwa kinavimba, maana nilijua amani hiyo inapikwa na nani.

Jambo moja lilinitisha. Miezi michache kabla ya haya ninayoyasimulia, mama Lusajo, jirani yetu, alikutana na baba mkwe wake kwenye kijito. Alikuwa amebeba ndoo, akateleza, na yule mzee akamdaka mkono asianguke. Siku ya pili mama Lusajo akaonekana anaondoka na mtoto mgongoni na kapu kichwani. Watu wazima walisema, "Amerudi kwao kwanza." Baadaye wazee walikaa, yakatengenezwa, akarejea. Lakini mimi nilikuwa nimeshikilia ile sehemu ya kwanza tu. Kichwani mwangu ikawa sheria: mkamwana akiwa karibu na mkwe wake msituni, kijitoni, popote, hurudishwa kwao. Nilianza kuutazama mkono wa mama nikijiuliza itakuwaje siku ukidakwa.

Babu alikuwa mlinzi wa msitu enzi za ujana wake, na alipostaafu akawa mtu wa kuwapandisha wageni mlimani. Mwaka ule wakaja wanafunzi wa chuo kutoka ng'ambo. Walikuwa tisa na mwalimu wao, wamepanga Bulyaga, mjini Tukuyu, wakisoma Kiswahili na habari za misitu, na mwisho wa masomo walitakiwa kupanda mlima kwa miguu wakipitia vijijini. Walipiga mahema kwenye uwanja wa shule yetu. Sisi watoto tulihamia pale na vifaa vyetu vyote, yaani macho.

Jioni ile mmoja wao alikuja nyumbani kuomba maji ya moto. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia nyekundu ya sufu, akaniona mlangoni, akainama na kusema kwa uangalifu mkubwa, "Shikamoo."

"Marahaba!" nilimjibu, sikuchelewa hata kidogo.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Yule msichana akaweka mkono mdomoni. "Nimekosea?"

"Hujakosea, dada," mama alimwambia. "Huyo ndiye mkubwa wa kaya hii, muulize mtu yeyote."

Aliitwa Marta. Kabla ya kuingia alitazama kandambili zetu mlangoni, akavua viatu vyake vya kupandia mlima, vizito kama matofali, akavipanga sambamba, ncha zikitazama nje. Mama aliviangalia vile viatu akasema kwa Kinyakyusa, ili nisikie mimi tu, kwamba huyu amelelewa. Alimpa chupa ya maji ya moto na ndizi mbivu mbili za njiani. Marta akasema, "Ndaga fijo," asante ya kwetu, na mama akafurahi kupita kiasi. Nilimpenda msichana yule. Ulikuwa wa kwanza kwangu, ule upendo wa mtoto kwa mtu mkubwa aliyemheshimu.

Kesho yake ilikuwa siku ya ruhusa ya kuokota kuni msituni. Mama, kama kawaida yake, alinituma usiku ule ule kumuuliza Babu atapita njia gani na wageni, ili yeye apite nyingine. Babu akasema, "Mwambie nitapita njia ya juu, ya kanisani." Hilo nililifikisha kama lilivyo. Basi asubuhi tukapanda kwa njia ya chini. Tusichojua ni kwamba mti ulikuwa umeanguka kule juu, na Babu akageuza msafara.

Tulikuwa tumeshafunga mzigo wa kwanza tuliposikia kikohozi chake. Kikohozi kile Babu alikuwa anakikohoa makusudi kila kona ya njia, awe mgonjwa au mzima, ili mkamwana wake popote alipo apate muda wa kuondoka. Ilikuwa ndiyo heshima yake kwa mama, nami nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima tayari. Mama aliutupa mzigo, akaingia kwenye kangaga, akajifunika na kuchuchumaa. Mimi sikulazimika kujificha. Mjukuu na babu ni watani, ningeweza kukaa katikati ya njia nikamdai kodi. Lakini nilijificha naye. Tulivunja mashina mengi ya kangaga tukikaa pale, na harufu ikapanda.

Mama hakuona kitu, kwa sababu macho yake yalikuwa chini ya khanga. Mimi nilichungulia. Babu alipita wa kwanza na panga lake, akafuata mwalimu, kisha wanafunzi waliovaa makoti ya mvua, wakihema. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba kila mtu alitokea ghafla na kupotea ghafla. Nilidhani wameisha. Kisha nikaona kofia nyekundu.

Pale tulipojificha njia inagawanyika. Ya kulia ndiyo ya mlimani, nyembamba, imeingia kwenye magugu. Ya kushoto ni ya wakata mianzi. Hiyo ni pana na laini kwa sababu mianzi huburutwa juu yake, na inashuka kwenye korongo ambako hakuna kijiji. Mgeni akiziona zote mbili lazima aseme ya kushoto ndiyo njia. Marta alipiga goti pale pale kwenye panda, afunge kamba ya kiatu. Akainua uso. Akaniona.

Nikaweka kidole mdomoni: nyamaza.

Alielewa kwa namna yake. Naye akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, akafumba macho kidogo kama mtu anayehesabu kwenye kombolela. Kisha akasimama, akatazama huku na huku kwenye ukungu, akashika njia ya kushoto. Alikuwa anaharakisha, kama mtu anayewakimbilia wenzake. Nilimwona mpaka kofia ikaisha, na kidole changu kilikuwa bado kiko mdomoni.

Kikohozi kilipoanza kufifia nilimnong'oneza mama. Aliivua khanga kichwani kwa nguvu. "Una uhakika?"

"Kofia nyekundu, mama. Kaenda ya mianzi."

Alipiga hatua kadhaa kwenye njia ile, akaita, "Dada! We dada!" Lakini aliita kwa sauti ya mkamwana, sauti inayojizuia isimfikie mkwe aliye karibu, na ukungu wa Rungwe haurudishi sauti ya namna hiyo. Nimejiuliza sana kwa nini hakuendelea kumfuata. Nadhani aliona Babu ndiye anayeujua mlima, tena ana filimbi, na hakuwa mbali. Alinishika mabega akanigeuza. "Mkimbilie babu yako. Mwambie hivi: yule msichana wa mwisho amepita njia ya mianzi. Umesikia? Kimbia, Bupe."

Nilikimbia. Nilikuwa nalirudia neno lile kila nikikanyaga chini, nisilisahau. Niliwakuta wamesimama wakinywa maji, na Babu akaniona, akashangaa kwa furaha.

"Gwe Bupe! Umetoka wapi wewe? Uko na nani huku?"

Hapo ndipo niliposimama, na kusema kweli sijawahi kuondoka pale. Uko na nani huku. Nikijibu niko na mama, basi mama alikuwa hapo, kwenye njia yake, hatua chache kutoka miguuni kwake. Nilimwona mama Lusajo na kapu kichwani. Nilimwona mama yangu anaelekea Kinyala. Lile neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, nikalimeza, na kwa kuwa mtoto aliyetumwa lazima aseme kitu, nikasema la kwanza lililokuja.

"Niko peke yangu. Mama ameuliza, jioni utakula ndizi au ugali?"

Babu alicheka, akawatafsiria wageni polepole, nao wakacheka. "Mama yako amekutuma mpaka huku kwa ajili ya chakula? Mwambie ndisi." Halafu akatazama nyuma yangu. "Wote wapo?" Mwanafunzi mmoja akamjibu kwamba wawili bado wanakuja, wanakwenda polepole. Mmoja akatokeza kweli kwenye ukungu. Babu akaitikia kwa kichwa, akapokea chupa ya maji.

Nilimrudia mama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa." Nikaongeza, "Na jioni anataka ndizi." Hilo la pili lilikuwa kweli, na nakumbuka nilijisikia nafuu kulisema.

Mama alishusha pumzi. "Basi. Babu yako hashindwi na msitu huu." Tukabeba kuni tukashuka. Alimenya ndizi mchana kutwa akiimba, na mimi nilicheza. Nataka mlijue hilo. Nilicheza.

Kule juu walipohesabiana kileleni na kumkosa Marta, mwalimu wao hakutishika. Marta alikuwa amelalamikia goti tangu asubuhi, wakadhani amerudi kwenye mahema. Walishuka jioni wakakuta hema lake tupu. Mmoja wa wenzake akaapa kwamba alimwona juu zaidi ya ile njia panda, kumbe aliichanganya kofia nyekundu na ya mwingine. Kwa hiyo wanaume wa kijiji walipopanda na tochi, walipanda kuelekea kileleni, na Babu mbele yao. Mvua ilikuwa imeshaanza.

Mama alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akizitazama zile tochi zikipanda. "Kwa nini wanakwenda juu?" aliniuliza. "Bupe. Ulimwambia kweli?"

Mara ya kwanza nilidanganya kwa sababu ya mama. Mara hii nilidanganya kwa sababu yangu. "Nilimwambia."

Aliniamini. Angeachaje kuniamini, nami nilikuwa mdomo wake? Akajieleza mwenyewe kwa sauti: kwamba Babu lazima alishatuma mtu njia ya mianzi mchana, akaona nyayo zimerudi. Mkwe hasahihishwi. Siku nzima iliyofuata alikuwa anatoka na kuingia, anaunguza chakula, ananiuliza tena na tena kwa macho. Jioni ya pili uvumilivu ulimshinda, akaenda kwa mke wa mwenyekiti wa kijiji akasema, hata kama mmeshapita kule, piteni tena njia ya mianzi. Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amepita.

Walimkuta asubuhi ya siku ya tatu, chini kwenye korongo. Hakuwa amevunjika popote. Ilikuwa baridi tu, baridi na mvua. Usiku wa kwanza aliupita, hilo walilijua kwa sababu alijitandikia kangaga chini ya mianzi na kula ndizi zake mbili, maganda yalikuwa pale. Waliomleta walisema alikuwa hana viatu. Alivivua, akavipanga sambamba kando ya kitanda kile cha majani, ncha zikitazama nje, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu.

Watu walikuja kutoka Tukuyu wakaandika maelezo ya Babu. Hawakumfunga. Walimwambia asipandishe tena wageni, basi. Mama yake Marta alikuja baada ya wiki, mwanamke mrefu asiyejua neno la Kiswahili, na Babu alimpa kiti chake akakaa chini kwenye mkeka. Mama yangu hakuweza kuingia chumba kile, kwa hiyo alilia nje, amegeukia migomba. Mimi nilikaa katikati ya kizingiti. Kila mtu alinipitishia mkono kichwani akisema masikini mtoto, alimpenda sana yule dada.

Tangu siku ile mama hakunituma tena kwa Babu. Adabu aliishika yote, tena zaidi ya zamani. Alitoka njiani, alijifunika, alipika, chakula kiliwekwa mlangoni kwa Babu saa ile ile. Lakini bila neno. Aliamini mkwe wake aliambiwa kwamba mtoto wa watu amepotea, akasema sawa, akaendelea kupanda. Na hakuweza kumuuliza. Hapo ndipo uongo wangu ulipopata nyumba nzuri ya kuishi, kati ya watu wawili waliokatazwa kuzungumza.

Babu alihisi. Siku moja aliniuliza, "Mama yako ana nini na mimi? Nimemkosea nini?" Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua macho.

"Hana kitu, Babu," nilisema.

"Basi sawa."

Kila Alhamisi, kwa kuwa Marta alipotea Alhamisi, alipanda mpaka njia panda. Nilikuwa namsikia kutoka kwenye migomba, sauti yake ikishuka na ukungu. "Malita! Malitaa!" Kwanza watu walimhurumia, kisha wakazoea, kisha watoto wadogo wakawa wanamwigiza. Alikwenda mpaka miguu ikamkataa, na hata hapo alitolewa kiti nje siku za Alhamisi akakaa akiutazama msitu. Alikufa nikiwa kidato cha pili. Wanawake wote walilia na kucheza kilio kama inavyopaswa. Mama alipika kwa siku zote za msiba, hakukosea sahani hata moja, na hakutoa chozi. Watu wakasema ni uchovu.

Mimi nilikimbilia mbali. Nilisoma, nikapata kazi, nikaolewa na mtu wa pwani ambaye baba yake ananipigia simu na kunitania kila siku, na kila akinitania nafurahi na naumwa kwa pamoja. Nimezaa. Binti yangu ametimiza miaka minane mwaka huu. Juzi nilimtuma kwa jirani na neno fulani la kawaida, akarudi na jibu tamu mno, na nikajua pale pale kwamba amelitia sukari. Wiki ile ile niliomba likizo nikaenda nyumbani.

Mama amezeeka sasa, magoti hayamtii, lakini mikono ni ile ile. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika kisu kingine, nikamwambia. Sikuanza na maneno mazuri. Nilisema, "Mama, siku ile sikumwambia Babu." Nikaeleza yote, mama Lusajo, kapu, swali la Babu, chakula.

Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi ile, akaiweka kwenye maji, akachukua nyingine, akaishika tu.

"Kwa hiyo hakujua," alisema.

"Hakujua."

"Miaka yote ile." Alikuwa kama mtu anayehesabu sahani alizopeleka kwenye mlango ule bila salamu. "Na nani angenirudisha Kinyala, mwanangu? Mimi nilikuwa nimejificha vizuri. Nilikuwa nimefanya kama inavyotakiwa. Angekusikia angenisifu."

Nililia. Yeye hakunifariji, na sikutaka anifariji. Aliosha mikono, akajifuta, akachukua khanga msumarini. "Inuka," alisema.

Kaburi la Babu liko juu ya migomba, mahali unapoanza kuona msitu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la nyumba yake ya zamani, na chini ya mti wa parachichi kangaga limeota, hakuna anayelikata. Hatua kama kumi kabla ya kufika mama akasimama. Akatoka njiani. Akajifunika khanga kichwani, akaligeuzia kaburi mgongo, akachuchumaa kwa taabu kwenye majani, mkono mmoja umeshika goti.

"Nenda kamwambie," alisema.

"Nimwambie nini, mama?"

"Unalijua neno nililokutuma."

Nilikwenda. Nilipiga magoti penye msalaba wa saruji, na midomo ilikuwa mizito kama ya mtu aliyelala. Nikasema, "Babu. Mama anasema yule msichana wa mwisho amepita njia ya mianzi." Nikakaa kidogo. Kule msituni hakukuwa na upepo. Nikainuka nikarudi, nikasimama nyuma ya mama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Hakugeuka. Alikuwa anautazama udongo chini ya khanga, kama siku ile.

"Amesemaje?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nimekuwa nayo maisha yangu yote.

"Hajasema kitu, mama," nilimwambia.